Mstari wa Pili kwenye Fomu

Shoal Neck, Maine
9 Oktoba 2013

Mdogo wangu Delmont,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, ila magoti yameanza maneno yao ya kila mwaka. Binamu yetu Beulah amebadilishwa nyonga, sasa anatembea kunishinda, na hachoki kunikumbusha. Kuku wangu wanne wamebaki watatu. Huyo mmoja alichukuliwa na mbweha mchana kweupe, nami nimesimama dirishani na sahani mkononi.

Hawala yako ya dola sitini imefika, kama inavyofika kila mwezi, mwaka wa pili sasa. Ahsante. Sina la kusema zaidi ya hapo, na najua hupendi niseme zaidi ya hapo.

Jumapili niliizungushia nyumba matawi ya misonobari, upande wa kaskazini nikapanga tabaka tatu, upepo usipate pa kupenya chini ya sakafu. Mama alikuwa anasema nyumba isiyovishwa matawi kabla ya theluji ya kwanza ni nyumba ya mvivu. Nikakumbuka ulivyojificha siku moja ndani ya lile rundo, Mama anakuita hadi sauti inamkauka, na wewe umekaa humo unakula tofaa.

Sasa neno lenyewe. Tangi la mafuta kule chini limebaki robo. Nimekwenda ile ofisi ya misaada mjini, inayowasaidia watu kulipia mafuta ya kupashia nyumba joto. Ndiyo, mimi. Cheka umalize. Binti wa pale aliniuliza maswali saa nzima, nikamjibu yote. Unanijua, siwezi kudanganya hata umri wangu. Jibu watanitumia baada ya wiki sita. Lori la mafuta haliji kumwaga chini ya galoni mia, na mfuko wangu unaishia galoni thelathini, kwa hiyo wakinikubali nitapumua.

Wasiponikubali nitatafuta njia nyingine, lakini kutoka humu sitoki. Beulah ameshaniambia kuna chumba kizuri kwenye nyumba ya wazee, kina joto hadi unafungua dirisha. Nikamwambia akakae yeye.

Dada yako,
Arlene


Arizona
27 Oktoba 2013

Dada Arlene,

Nakusalimu na magoti yako, na kuku watatu waliobaki. Mwambie Beulah nampongeza kwa nyonga, lakini ulimi je, hawakumbadilishia?

Huku joto limeanza kulegea. Mwaka huu lilikuwa kali, mpini wa mlango wa gari ulikuwa haushikiki bila kitambaa. Lakini mimi sina tabu. Pensheni ya mgodi inatosha na kubaki, na siku hizi nasoma sana. Niko maktaba kutwa, kuanzia wanapofungua hadi wanapozima taa. Mkutubi ananiita mwanafunzi.

Kwa hiyo hizo dola sitini usizifanyie sherehe. Za mwezi huu ziko ndani ya bahasha. Nunua mafuta, nunua kuku, nunua bunduki ya kumkomesha huyo mbweha.

Kuhusu ofisi, sicheki. Pesa za serikali ni zako pia, umelipa kodi kuliko wengi. Wakikusumbua niambie.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usiniandikie habari za hiyo nyumba, mara matawi, mara sakafu. Nyumba ni yako, Baba aliamua hivyo, na mimi sina shida nayo. Niandikie habari zako wewe.

Mdogo wako,
Del


Shoal Neck
30 Novemba 2013

Delmont,

Salamu. Barua hii itakuwa fupi kwa sababu vidole vimejaa utomvu na kalamu inanigandia. Tumo ndani ya msimu wa mashada ya Krismasi, yale ya matawi ya misonobari yanayotundikwa milangoni. Tangu baridi ikaze mara tatu na majani ya misonobari yaache kupukutika matawini, nimesuka mashada mia mbili na arobaini. Mwenye karakana anatulipa kwa shada, na mimi bado nawashinda wale wasichana wake wawili, ingawa mmoja ananitania: "Bibi, wewe unasuka au unapigana?" Nikamwambia nafanya yote mawili.

Ofisi imejibu. Wamenikataa. Kuna mstari, Delmont. Mtu anayeishi peke yake akiwa na kipato cha mwaka chini ya mstari huo, anapewa mafuta. Akiwa juu, hapewi. Mimi nimeuvuka kwa dola mia mbili na kumi na mbili. Si elfu. Mia mbili na kumi na mbili.

Nilisoma barua yao nikiwa nimesimama, halafu nikaibandika kwenye mlango wa friji niione kila siku, hasira isije ikanipoa.

Nina ombi. Usitume hawala ya Desemba. Wala ya Januari. Usiniulize kwa nini, na usinune. Nina sababu.

Hapa nyumbani sote wazima, yaani mimi na kuku.

Arlene


Arizona
12 Desemba 2013

Arlene,

Salamu zangu unazo. Sina habari za familia kwa sababu familia ni wewe, na wewe umenikasirisha.

"Usitume hawala." Basi! Hakuna maelezo, hakuna chochote. Unajua nani alikuwa akiongea hivyo? Baba. Nilipomtumia mshahara wangu wa kwanza wa mgodini, aliurudisha bila hata kipande cha barua ndani. Nilidhani ugonjwa huo alizikwa nao. Kumbe alikuachia wewe pamoja na nyumba.

Unakaa kwenye barafu, tangi tupu, umekataliwa na serikali, halafu unakataa pesa za mdogo wako. Unataka kumwonyesha nani? Wafu hawaangalii.

Humu ndani kuna dola themanini. Ndiyo, nimeongeza. Ukinikataza tena zitakuwa mia.

Delmont


Shoal Neck
5 Januari 2014

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Nimekaa siku kumi na barua yako kabla ya kuchukua kalamu, kwa sababu majibu yangu matatu ya kwanza nimeyatumia kuwashia jiko.

Hawala yako ya dola themanini nairudisha humu humu. Lakini tofauti na Baba, naweka na barua. Kwa hiyo soma.

Yule binti wa ofisini, Oktoba, alifika kwenye swali la kumi na nne: "Kuna mtu yeyote anayekupa pesa mara kwa mara?" Delmont, hakuna swali jingine nililolijibu kwa furaha kama hilo. Nilikaa sawa kwenye kiti. Nikamwambia, ndiyo, ninaye mdogo wangu Arizona, ananiletea dola sitini kila mwezi, hajakosa hata mmoja. Nilimtajia jina lako lote. Nilitaka binti yule ajue kwamba mimi si kikongwe kilichotupwa. Naye akaandika. Dola sitini mara kumi na mbili ni mia saba na ishirini, na mimi nimeuvuka mstari kwa mia mbili na kumi na mbili. Sasa umeelewa.

Sikutaka kukwambia kwa sababu nilijua ungejilaumu, na huna kosa. Hata mimi sina. Ningeulizwa leo ningejibu vile vile.

Beulah anasema ningenyamaza tu. "Nani angejua, Arlene?" Ningejua mimi.

Habari za nyumba hutaki, lakini leo utavumilia. Nimefunga vyumba vya juu na sebule, nimetundika blanketi mlangoni, naishi jikoni na jiko la kuni. Kuni zipo hadi katikati ya Februari nikizibana. Wiki iliyopita bomba la bafuni liliganda ndani ya ukuta, nikaliyeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele, nikilitukana kwa maneno niliyoyasikia kwenye kiwanda cha dagaa alipokuwa Baba msimamizi. Maji yakatoka.

Na nimekata rufaa. Tarehe ishirini na tatu natakiwa mbele ya mtu wao. Nitavaa koti la Mama.

Dada yako, mwenye hasira zake lakini si zako,
Arlene


Shoal Neck
25 Januari 2014

Mdogo wangu Delmont,

Barua yangu ya tarehe tano Januari hujaijibu, au posta imefunikwa na theluji kama sisi. Naendelea bila wewe. Natumaini huumwi. Beulah ana mafua, na hilo ndilo pumziko langu pekee la mwezi huu.

Nilikwenda. Aliyenisikiliza ni Bi. Ouellette, mama wa makamo, miwani shingoni, sura ya mtu aliyelala vibaya. Nikaweka mezani risiti zangu zote, na juu yake nikaweka shada moja, kubwa, la mkono wangu, utepe mwekundu.

Akaanza kwa upole. "Bi. Cates, mashada yamekusogeza karibu na mstari. Lakini kilichokuvusha ni hizi dola sitini za kila mwezi."

"Za mdogo wangu hizo."

"Huja kila mwezi?"

"Zisipokuja kila mwezi atakuwa ndugu wa namna gani?"

"Hapo ndipo penye shida, mama. Ikija mara moja ni zawadi. Ikija kila mwezi ni kipato."

"Kwa hiyo angekuwa mtu wa ovyo, mngenipa mafuta?"

Akavaa miwani yake. Akafungua ukurasa mwingine. Akasema kwa mwakani ningeweza kufikiria kusuka mashada machache kidogo.

"Yaani nifanye kazi kidogo ndipo mnisaidie?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, ila kwa sauti nzuri. Sikiliza, mama. Nina miaka sabini na minne. Mikono hii ikisimama, haitaanza tena. Nasuka mashada ili ninunue mafuta, na nyie mnaninyima mafuta kwa kuwa nasuka mashada. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Akalifunga faili langu. Halafu akasema, chini chini, "Ningekasirika." Na hapo nikampenda kidogo, shauri yake.

Kwenye kuondoka nikalisukuma shada upande wake. Akatikisa kichwa, ati sheria haimruhusu kupokea zawadi. Nikamwambia, "Pokea tu. Ni moja. La pili ndilo litakalokuwa kipato." Delmont, mwanamke yule alicheka hadi mlinzi akachungulia. Shada hakulichukua, lakini alisimama kunisindikiza mlangoni, na pale mlangoni akanionyesha kidole ukutani.

Kuna karatasi pale yenye ile mistari yao. Mtu mmoja, mstari huu. Watu wawili ndani ya nyumba, mstari unapanda. Watatu, unapanda tena. Akasema, "Mimi siwezi kuusogeza mstari wako, Bi. Cates. Lakini nyumba ya watu wawili ina mstari wake. Na mtu anayeishi humo ndani hatuhesabu anachokupa wewe. Tunahesabu kipato chake mwenyewe, basi." Halafu akanipa fomu mpya. Wanazipokea hadi mwisho wa Machi.

Rufaa nimeshindwa. Fomu ninayo hapa. Juu kabisa inasema: Orodhesha watu wote wanaoishi ndani ya nyumba hii. Mstari wa kwanza nimeandika jina langu. Wa pili uko wazi.

Siombi kitu. Nakuuliza tu, kwa sababu fomu inauliza: kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani? Niandikie kwa ukweli. Na nimesoma tena barua yako ya Oktoba. Delmont, hukuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Ulifukuzwa kwenye shule ya Jumapili kwa kukikalia. Unafanya nini maktaba kutwa nzima?

Arlene


Shoal Neck
20 Februari 2014

Delmont,

Salamu. Wiki karibu nne. Mwenye posta ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Ungekuwa umekufa wangenijulisha. Kwa hiyo umenuna, au unaona aibu. Kununa nakuruhusu.

Kuni zimekwisha jana. Nachoma rafu za sebuleni, zile alizotengeneza Baba, vitabu nimevipanga sakafuni. Zinawaka vizuri. Ningejua ningeanza nazo. Beulah alikuja na dereva wa nyumba ya wazee, ati wanapita tu. Niliongea nao kupitia kioo.

A.


Arizona
24 Februari 2014

Dada Arlene,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua zako zote zimefika. Nilikuwa nazisoma na kuzirudisha kwenye bahasha, kama vile zitabadilika nikizifungua tena.

Uliuliza swali moja la fomu na moja lako. Nakujibu yote.

Napata dola mia tano na arobaini kwa mwezi, za uzeeni. Pensheni ya mgodi haipo. Kampuni ilifilisika mwaka 2009 na pensheni zetu zikaenda nayo, tukabaki wanaume mia tatu tumesimama nje ya geti tumeshika karatasi. Sikukwambia kwa sababu niliondoka huko mwaka 1986 nikimwambia Baba kwamba nakwenda kupata maisha. Ningerudi kusema nini?

Naishi kwenye nyumba ya bati ya kuvutwa na gari, ya magurudumu isiyo na magurudumu. Kiangazi bati linawaka. Kiyoyozi ninacho, lakini nikikiwasha bili inakula chakula. Maktaba wanacho chao, na hawamfukuzi mtu anayeshika kitabu. Ndiyo kusoma kwangu huko. Agosti nilianguka pale kwenye kituo cha basi, nikazinduka hospitali nina mirija. Waliniambia nikirudia kiangazi kingine namna ile sitazinduka. Hapa pia wana ofisi yao ya kusaidia bili za umeme, na mstari wao. Ningekuwa chini yake mbali sana. Sikwenda. Fomu yao inauliza ndugu wa karibu ni nani, na mimi sikutaka barua ya serikali ikufikie kukwambia nilivyo.

Sitini zile, usinigombeze. Ndizo zilikuwa zikinifanya niamke tarehe moja nimenyoa ndevu, niende posta kama mtu.

Na mstari wa pili acha wazi. Baba alilikata jina langu kwenye wosia. Mimi siji kukaa kwenye nyumba hiyo kama mgeni wa hisani, halafu nikuongezee mdomo wa kulisha. Nitakuwa mzigo. Tafuta mpangaji.

Wako,
Del


Shoal Neck
4 Machi 2014

Delmont, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Leo sina salamu. Zitakuja mwishoni kama nafasi itabaki.

Dola sitini! Katika mia tano na arobaini! Umelala kwenye bati la moto, umeanguka kituoni kama gunia, ili mimi ninunue mafuta ambayo nilinyimwa kwa sababu yako! Nimeisoma barua yako nimesimama, nimekaa, nikasimama tena. Nimelia, ndiyo, andika hilo popote unapotaka. Halafu nikaenda nje kupasua kiti cha Baba, kile cha mikono, maana rafu zimekwisha na nilihitaji kitu cha kupiga shoka.

Mzigo. Mimi nimebeba nyumba hii peke yangu tangu mume wangu Royce afariki, na wewe unaniambia habari za mzigo. Mpangaji sitaki. Nilifungua mlango wa chumba chako cha juu wiki iliyopita. Kuna barafu ndani ya dirisha, na kitanda bado kinainamia upande wako.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo sijakwambia kwa miaka ishirini na saba. Tulipoongea kwa simu siku ya mazishi ya Mama, mmoja wetu alikata, na hadi leo hatujakubaliana ni nani. Ilikuwa mimi. Nilikata kwa sababu uliniuliza, "Baba alipokata jina langu, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa jikoni. Wosia ulikuwa mezani. Baba alipapasa mfuko wa shati, hakuwa na kalamu. Akanyoosha mkono bila kunitazama. Mimi ndiye niliyempa kalamu, Delmont. Nilijua anachotaka kukiandika. Ningeweza kusema sina. Ningeweza kwenda nje. Nikampa, na nikasimama pale nikaangalia wino unavyopita juu ya jina lako. Nilikuwa na hasira nawe kwa kuniacha naye. Hiyo ndiyo sababu, na si sababu ya kutosha. Naomba unisamehe. Nimesema.

Leo asubuhi nimeketi kwenye meza ile ile. Nimechukua fomu ya Bi. Ouellette, na kwenye mstari wa pili nimeandika: Delmont Harlan Thaxter, miaka 69, ndugu. Kwa wino. Penseli nilikuwa nayo, nikaiweka mbali. Kipato nimeandika ulichonitajia, na nakala ya fomu nimeiweka humu uione. Nimejumlisha mara tatu, na kwa watu wawili tuko chini ya mstari wao, nikiwa nimesuka kila shada nililolisuka na bila kuficha hata senti.

Ila hapo chini panasema ninaapa kwamba yote niliyoandika ni kweli. Unanijua. Sijawahi kudanganya serikali, wala mchungaji, wala daktari wa meno. Nina miaka sabini na minne. Fomu inatakiwa mezani kwao tarehe thelathini na moja mwezi huu, nami nitaipeleka kwa mkono wangu, uwe umefika au hujafika. Ukiwa huko, utakuwa umenifanya mwongo. Chagua.

Na usijidanganye kwamba nakuita kwa ajili ya mafuta tu. Nakuita kwa ajili ya mafuta. Na kwa ajili ya Agosti, sitaki kuletewa habari zako na mtu wa hospitali. Na kwa sababu matawi ya kaskazini yanataka kuondolewa theluji ikiyeyuka na mgongo wangu hautaki. Hisani haimo humu. Hawala niliyokurudishia Januari uliipata, najua, maana hukulalamika. Kata nayo tiketi ya basi, ongeza na hii hamsini niliyoweka. Imekuja mara moja, kwa hiyo ni zawadi.

Salamu. Kuku watatu wazima. Mbweha tumemkomesha.

Dada yako,
Arlene


Kadi ya posta, kituo cha basi cha Albany
24 Machi 2014

Dada,

Salamu kutoka njiani. Siku ya tatu kwenye basi, miguu imevimba, jirani yangu anakoroma, theluji nimeiona leo asubuhi nikaitukana kwa furaha. Kadi hii labda nitaipita njiani.

Hiyo kalamu nimekusamehe tangu barua yako haijamaliza ukurasa. Tungekuwa na miaka ishirini na saba mingine ningekugombeza kidogo kwanza.

Jumamosi oka maharage, kama desturi ya kwetu, ila ya watu wawili. Wakitukataa tena tunakwenda wote wawili, kila mmoja na shada lake.

Nimeangalia nakala ya fomu uliyonitumia. Kuna mahali pa sahihi ya mtu wa pili. Usiniwekee wewe, wala usimpe mtu mwingine kalamu. Naja kutia mwenyewe, kwenye meza ile.

Delmont